Kompyuta yafichua joto lililojificha ndani ya mtambo wa parafujo pacha

KAMAKIS, eneo la Ruiru katika Kaunti ya Kiambu, linafahamika zaidi kwa moshi wa nyama choma kuliko kwa hisabati. Hata hivyo, barabara inayopita hapo, Eastern Bypass, ni mojawapo ya njia za malori yanayobeba mahindi, soya na bidhaa za plastiki kuelekea na kutoka viwanda vya Ruiru, Juja na Thika. Sehemu ya shehena hiyo hupitia katika mtambo ambao hakuna aonaye yanayotendeka ndani yake: ekstruda ya parafujo pacha.

Ni mtambo unaopika unga kwa muda mfupi kuliko mama anavyochukua kukoroga uji. Unga mkavu huingia upande mmoja, na baada ya dakika moja hivi hutoka upande wa pili ukiwa umeiva, umevimba na uko tayari kukatwa au kusagwa upya. Yanayotokea katikati hufichwa na silinda nene ya chuma.

Ili kuyafahamu, wahandisi hutumia kompyuta kuiga mtiririko na joto ndani ya silinda hiyo. Kazi hii huenda ikaonekana kuwa ya wasomi peke yao, lakini matokeo yake humfikia mtoto anayenyweshwa uji wa mahindi na soya. Joto likipungua, chakula hicho hakimfai inavyostahili. Likizidi, kirutubishi kilichosababisha soya kuongezwa humo huharibika.

Mtambo wenyewe

Ekstruda ya parafujo pacha ina mihimili miwili iliyolazwa sambamba ndani ya silinda yenye umbo la nambari nane. Kila mhimili umevikwa vipande vya parafujo, na meno ya mmoja huingia katika mifereji ya mwenzake. Mihimili ikizunguka, kila mmoja humkwangulia mwenzake unga ulioshikamana naye, hivyo unga haupati pa kuganda.

Kuna aina mbili kuu. Katika ya kwanza, mihimili yote huzunguka kuelekea upande mmoja. Hii ndiyo hutumiwa zaidi kupika vyakula na kuchanganya plastiki na rangi. Katika ya pili, mihimili huzunguka kwa kukabiliana, na hutumika sana kutengeneza mabomba ya PVC, plastiki isiyostahimili msuguano mkali.

Vipande vya parafujo vinaweza kupangwa upya kama shanga katika uzi. Vingine husukuma unga mbele, vingine ni visahani vya kuukanda, na vingine vina meno yaliyogeuzwa ili kuuzuia kidogo. Mpangilio huo ndio huamua unga utajaa wapi, utabanwa wapi na utapata joto wapi. Mwishoni mwa silinda pana tundu dogo la kutokea, ambalo ndilo huipa bidhaa umbo lake.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba silinda haijai. Sehemu kubwa ya mifereji huwa na nafasi tupu, na unga hujaa tu mbele ya tundu na nyuma ya vipande vinavyouzuia. Ni katika sehemu hizo zilizojaa ambapo shinikizo hupanda na upishi hasa hufanyika.

Kwa nini joto la soya lahitaji uangalifu

Mahindi yana wanga kwa wingi, lakini protini yake ina upungufu wa laisini, kirutubishi ambacho mwili hauwezi kujitengenezea. Soya ina laisini ya kutosha. Ndiyo sababu viwili hivyo huchanganywa katika unga wa uji wa watoto na katika chakula cha msaada ambacho Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) hugawa.

Lakini soya mbichi haiji peke yake. Ina vizuizi vya tripsini, yaani protini zinazozuia kimeng'enya cha tumboni kuvunjavunja chakula. Mtoto anaweza kushiba uji huo na bado asinufaike na protini iliyomo. Joto pamoja na unyevu huviua vizuizi hivyo.

Joto hilo hilo likipita kiasi, laisini huungana na sukari iliyomo katika unga, nao unga hugeuka rangi kuwa hudhurungi. Laisini iliyofungwa hivyo haitumiki tena mwilini. Kwa hiyo mpishi wa kiwandani hutembea katika ujia mwembamba: akipika kidogo hubakisha kizuizi, akipika mno huteketeza kile alichokitafuta.

Ugumu unazidi kwa sababu kipimajoto cha mtambo kwa kawaida huchomekwa katika ukuta wa silinda. Husoma joto la chuma, wala si la unga unaopita. Hata kama kingesoma joto la wastani la unga, wastani huo ungeweza kuficha punje zilizopita mbio zikiwa mbichi na nyingine zilizokwama pembeni zikaungua.

Joto hutoka wapi?

Wengi hudhani kwamba unga hupikwa na hita zilizozungushiwa silinda. Katika mitambo mingi ya kiwango cha kiwanda, sehemu kubwa ya joto hutoka kwenye mota. Nguvu ya umeme huzungusha parafujo, parafujo hukoroga ute mzito wa wanga, na msuguano wa tabaka za ute huo hugeuka kuwa joto.

Hesabu ndogo yaonyesha ukubwa wa jambo hili. Tuchukue mfano wa mtambo unaopitisha kilo 500 za unga kwa saa, kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 130 za Selsiasi. Ikiwa kila kilo inahitaji takriban kilojuli 2 ili kupanda nyuzi moja, zitahitajika kilojuli 105,000 kwa saa, sawa na takriban kilowati 29.

Mota ikitumia kilowati 45, nguvu hiyo inatosha na kubaki. Ziada huishia katika kuyeyusha wanga, katika giaboksi, hewani na katika maji ya kupoza silinda. Ndiyo maana si ajabu kukuta mtambo wa kupikia ukipozwa maji huku ukipika.

Hita za nje zina udhaifu mwingine. Ute wa wanga hupitisha joto polepole mno. Ili joto lipenye milimita 5 kutoka ukutani kwa kupenya tu, bila kukorogwa, huhitaji takriban dakika nne. Unga wenyewe hukaa ndani kwa muda usiofika dakika mbili. Bila mkorogo mzuri, basi, ukuta unaweza kuwa moto ilhali kiini bado hakijaiva.

Msuguano nao hautoshani kila mahali. Parafujo ya kipenyo cha milimita 60 ikizunguka mara 300 kwa dakika, ncha yake hukimbia karibu mita moja kwa sekunde. Katika mfereji wenye kina cha milimita 10, mwendo huo huenea katika unene mkubwa. Katika upenyo wa nusu milimita kati ya jino na ukuta, mwendo huo huo hubanwa katika nafasi ndogo mara 20, na tabaka za ute husuguana kwa kasi mara 20 zaidi.

Ute wa mahindi huwa mwepesi kadiri unavyokorogwa kwa kasi, sawa na rangi ya ukuta chini ya brashi. Kwa mfano wa ute ambao mnato wake hupungua hadi sehemu moja ya saba katika upenyo huo, joto linalozalishwa katika kila tone bado huwa zaidi ya mara 50 ya lile la mfereji. Nyembamba kama ilivyo, sehemu hiyo yaweza kuunguza unga bila kipimajoto kujua.

Jinsi kompyuta inavyohesabu

Msingi wa hesabu hizi ni wa kale. Mfaransa Claude-Louis Navier mwaka wa 1822, na Mwingereza mzaliwa wa Ireland, George Gabriel Stokes, mwaka wa 1845, walieleza kwa milinganyo jinsi vimiminika vinavyotembea. Milinganyo hiyo husema, kwa ufupi, kwamba kinachoingia mahali lazima kitoke au kibaki, na kwamba mwendo hubadilika kwa nguvu zinazousukuma na kuuzuia. Huongezwa mlinganyo wa tatu wa nishati, unaofuatilia joto.

Kwa bahati njema, ute wa wanga ni mzito kiasi kwamba haufanyi misukosuko kama maji ya mto wa mafuriko. Sehemu ngumu ya milinganyo, ile ya msukumo wa mwendo wenyewe, hupuuzwa. Kwa bahati mbaya, mnato wa ute huo hubadilika kwa halijoto, unyevu na kasi ya kukorogwa. Joto hubadilisha mnato, mnato hubadilisha mtiririko, na mtiririko huzaa joto. Hakuna kinachoweza kuhesabiwa peke yake.

Njia ya kwanza ni nyepesi. Mtambo hugawanywa katika vipande kufuata urefu wa parafujo, na kila kipande hupewa shinikizo moja, halijoto moja na kiasi cha ujazo. Kwa kuwa haijulikani mapema ni wapi silinda imejaa, kompyuta huanza kwenye tundu la kutokea na kurudi nyuma. Hukisia halijoto ya mwisho, huhesabu hadi mahali unga ulipoyeyukia, na kama halijoto iliyofikiwa hapo hailingani na inayotarajiwa, hukisia upya hadi pande mbili zikutane.

Programu ya Kifaransa iitwayo Ludovic, iliyotokana na utafiti wa Bruno Vergnes, Guy Della Valle na wenzao, hufuata njia hiyo. Hesabu za aina hii humalizika upesi katika kompyuta ya kawaida ya ofisini. Inafaa kukumbukwa kwamba miongoni mwa kazi zilizotangulia programu hiyo ni utafiti wa Vergnes na Villemaire wa mwaka wa 1987 kuhusu mnato wa wanga wa mahindi ulioyeyuka. Mahindi hayakuja baadaye katika taaluma hii. Yalikuwapo tangu mapema.

Njia ya pili ni nzito. Nafasi yote kati ya parafujo na silinda hukatwa katika maelfu au mamilioni ya vipande vidogo, na milinganyo hutatuliwa katika kila kimoja. Tatizo ni kwamba parafujo huzunguka, hivyo umbo la nafasi hiyo hubadilika kila mara. Programu kama Polyflow hulitatua kwa kulaza wavu wa parafujo juu ya wavu wa silinda, kisha kuusogeza hatua kwa hatua bila kuchora upya kila kitu.

Njia hii huonyesha mambo ambayo ya kwanza haiwezi: joto lililojificha kwenye upenyo, kona ambayo ute huzubaa, na chembe inayopenya mbio kati ya visahani. Gharama yake ni muda na kompyuta zenye nguvu. Kutolewa kwa programu huria ya OpenFOAM mwaka wa 2004 kulipunguza gharama ya leseni, lakini hakukuondoa haja ya mtaalamu anayejua anachokiuliza.

Safari ya mtambo hadi Afrika Mashariki

Ekstruda ya parafujo pacha ilizaliwa katika viwanda vya kemikali barani Ulaya. Roberto Colombo nchini Italia aliunda mitambo ya mapema ya aina hiyo mwishoni mwa miaka ya 1930, naye Rudolf Erdmenger nchini Ujerumani akaboresha umbo la parafujo zinazojisafisha. Kampuni ya Werner & Pfleiderer ya Stuttgart iliingiza sokoni mitambo yake iitwayo ZSK katika miaka ya 1950.

Upande wa chakula ulianza kwa mtambo wa parafujo moja. Katika miaka ya 1930, wafanyakazi wa kiwanda cha chakula cha mifugo mjini Beloit, Wisconsin, Marekani, walikuwa wakipitisha mahindi yenye unyevu mashinani. Yalitoka yakiwa yamevimba, na kutokana na tukio hilo vikazaliwa vitafunio vya mahindi ambavyo watoto wa leo hununua katika kila duka.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii mapema. Katika miaka ya 1970, Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado kiliendesha mpango wa ekstruda za bei nafuu kwa ajili ya lishe ya watoto katika nchi zinazoendelea. Warsha ya pili ya kimataifa ya mpango huo ilifanyika Dar es Salaam mnamo Januari 1979. Mitambo hiyo ilikuwa ya parafujo moja na joto lake lilitokana na msuguano tu. Ilikuwa rahisi kuitunza, lakini ilikuwa vigumu kuidhibiti unyevu na nafaka zilipobadilika. Udhibiti ndio parafujo pacha ilikuja kuuongeza, kwa bei ya juu.

Kidogo hakifanani na kikubwa

Faida kubwa ya mwigo wa kompyuta huonekana bidhaa inapotoka maabara kwenda kiwandani. Tuseme mapishi yamefaulu katika mtambo mdogo wa milimita 20, na sasa yahamishiwe katika wa milimita 60 wa umbo lile lile. Eneo la ukuta huongezeka mara 9, lakini ujazo huongezeka mara 27. Kila kilo ya unga, basi, hubaki na theluthi tu ya ukuta wa kupozea.

Mwenye kiwanda akinakili halijoto na kasi za maabara bila kufikiri, unga wake utaungua. Kujaribu kwa kubahatisha humgharimu magunia ya mahindi, umeme na siku za kazi. Kompyuta humwezesha kujaribu mipangilio mingi ya parafujo usiku mmoja na kupeleka mtamboni miwili au mitatu iliyo na matumaini.

Aidha, mwigo husaidia kupanga hatua za dharura. Umeme ukikatika ghafla, ute hupoa na kukauka ndani ya silinda, na huenda ikalazimu mihimili ichomolewe na kukwanguliwa. Kujua muda ambao ute huchukua kugandamana humsaidia mwendeshaji kuamua kiasi cha maji ya kusukuma na muda wa kuwasha jenereta.

Chakula cha samaki ni mfano mwingine. Mpango wa serikali ya Kenya wa kuchochea uchumi wa mwaka wa 2009 ulichimba mabwawa mengi ya samaki nchini, na wafugaji wakahitaji chakula kinachoelea ili waone kama samaki wamekula. Tembe huelea kwa sababu ya mvuke unaofumuka unga unapotoka kwenye tundu: shinikizo hushuka ghafla, maji huchemka, na vishimo vya hewa hubaki ndani. Joto au shinikizo likipungua, tembe huzama na kuoza chini ya maji. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa, na hapa kauli hiyo ni ya kweli kihalisi.

Mipaka ya mwigo

Kompyuta hujibu kwa kadiri ya ilivyolishwa. Ikipewa mnato wa mahindi ya manjano yaliyopimwa Ulaya, itatoa takwimu nzuri za mahindi hayo, wala si za mahindi meupe yaliyovunwa nchini na kukaushwa juani. Unyevu, mafuta ya soya na usagaji hubadilisha matokeo. Mafuta yenyewe hulainisha ute na kupunguza msuguano, hivyo soya ikiongezwa joto hushuka, ijapokuwa kasi haikuguswa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si kununua programu bali ni kupima. Mnato wa unga wa hapa lazima upimwe katika halijoto na unyevu wa hapa. Kisha mwigo ulinganishwe na mtambo halisi: shinikizo la tundu, umeme unaotumiwa na mota, na muda ambao rangi kidogo iliyotiwa mwanzoni huchukua kutokea mwishoni. Mwigo usiolingana na vipimo hivyo ni mchoro wa kupendeza tu.

Eneo hili halikosi wa kuifanya kazi hiyo. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT), kilichoanza Juja mwaka wa 1981 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 1994, kiko kati ya Ruiru na Thika na hufunza uhandisi pamoja na sayansi ya chakula. Umbali kati ya maabara na kiwanda, kwa barabara, ni mfupi.

Mpaka wa pili ni wa hatari zaidi. Kati ya Januari na Juni 2004, mahindi yenye sumu ya aflatoksini yalisababisha wagonjwa 317 na vifo 125 katika wilaya za wakati huo za Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Upishi katika ekstruda hupunguza sehemu ya sumu hiyo, lakini hauiondoi kwa kiwango cha kutegemewa. Mahindi yasiyokidhi viwango, ambavyo katika Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo, hayawezi kusafishwa kwa joto wala kwa hesabu. Hukataliwa langoni.

Kadhalika, vitamini nyingi hazistahimili upishi huo. Viwanda vingi huziongeza baada ya unga kutoka mtamboni na kupoa. Mwigo unaweza kukadiria hasara ikiwa zitatiwa kabla, na hivyo kuonyesha kwa nini utaratibu huo ni wa busara.

Kinachobaki mkononi mwa mwendeshaji

Mtambo wa parafujo pacha haujawa wazi kwa sababu ya kompyuta. Chuma chake ni kile kile. Kilichobadilika ni kwamba anayesimama mbele yake hahitaji tena kutegemea kipimajoto kimoja cha ukutani na mazoea. Anaweza kujua ni sehemu gani huunguza, ni ipi hubakiza ubichi, na ni kipande gani cha parafujo cha kubadilisha.

Lori linalopita Kamakis na shehena ya unga wa uji halionyeshi kama soya iliyomo imeiva vyema. Wala mama anayeufungua mfuko nyumbani hana njia ya kupima laisini au kizuizi cha tripsini. Rangi na harufu vinaweza kumdanganya. Uamuzi ulishafanyika ndani ya silinda, katika muda usiozidi dakika mbili, na ni wajibu wa kiwanda kujua ulivyofanyika.